Somo la 31: Kuuona Mwendo wa Polepole

Asubuhi twapita penye ua tukalikuta tumba. Jioni twalikuta limechanua. Ua limekwenda, lakini jicho halikuweza kuufuata mwendo wake. Je, iko njia ya kuuona? Naam, iko, kwa mtu mwenye saburi.

Kumbukeni kwanza ya kuwa sinema si kitu ila picha nyingi zisizokwenda, zipitazo upesi mbele ya macho, kwa kawaida 24 kwa sekunde moja. Basi kamera husimamishwa juu ya miguu mitatu mbele ya ua, ikapiga picha moja kila dakika 5. Kwa saa moja ni picha 12; toka mapambazuko hata machweo, saa 12, ni picha 144. Zikipitishwa 24 kwa sekunde, kazi ya mchana kutwa huonekana kwa sekunde 6 tu!

Lakini yako masharti. Kamera ikisogea hata kidogo, sinema itatikisika. Vipindi visipolingana, ua litaonekana kurukaruka. Na kipimo cha mwanga kikibadilika ovyo, picha zitapepesa kama taa iishiwayo mafuta.

Njia hii si ngeni. Wilhelm Pfeffer, mtaalamu wa mimea wa Leipzig, Ujerumani, aliitumia karibu na mwaka 1900 kuchunguza mwendo wa mimea. Mwaka 1910 Percy Smith wa Uingereza aliwaonyesha watu sinema ya maua yakichanua.

Tena haifai kwa maua tu. Mwaka 2007 James Balog, mpiga picha wa Marekani, alianza kuweka kamera kando ya mito ya barafu huko Greenland, Iceland na Alaska. Mtu aitazamapo barafu hiyo siku moja hudhani imelala. Picha za miaka zilipounganishwa, ilionekana ikipungua na kurudi nyuma, kwa kuwa dunia inazidi joto. Jambo lililokuwa tarakimu vitabuni likawa la kuonekana kwa macho.

Haba na haba hujaza kibaba. Picha moja haisemi neno, bali nyingi zilizopangwa vema hushuhudia.

Maswali
1. Kwa nini kamera isiguswe?
2. Mwanafunzi apiga picha moja kila dakika 10 kwa saa 8. Sinema yake itakuwa ya sekunde ngapi?
3. Taja mwendo wa polepole kijijini kwenu ufaao kupigwa picha hivi.