KIPEPEO MSAFIRI: NANI ALIMFUNDISHA NJIA?



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Wapenzi wanafunzi na wazazi wetu, katika somo hili tutamtazama kiumbe mdogo, kipepeo, ambaye kwa Kiarabu huitwa farasha. Tumemchagua kipepeo wa manjano wa malishoni, ambaye wataalamu humwita Colias croceus.

Umbo lake

Kipepeo huyu anaishi Afrika ya Kaskazini na kusini mwa Ulaya. Ndugu zake wa karibu wapo hata katika nyanda za juu za Afrika Mashariki. Mbawa zake kwa juu ni za manjano iliyoiva, zenye ukingo mweusi. Jike ana madoa ya manjano ndani ya ukingo huo, na dume hana. Majike wachache huwa weupe. Akitua hufumba mbawa zake, hivyo ule weusi mara nyingi huonekana anaporuka tu.

Maisha yake

Jike hutaga mayai yake mojamoja juu ya majani ya klova au lusini, mimea ya jamii ya kunde ambayo pia hulishwa ng'ombe. Yai huanza likiwa la manjano hafifu, kisha hugeuka rangi ya chungwa. Hutoka kiwavi wa kijani, akaanza kula majani yale yale aliyotagiwa. Akikua huwa pupa, na ndani ya ganda hilo hugeuka kipepeo anayefyonza maji matamu ya maua.

Safari yake

Kila mwaka, majira ya kuchipua, wengi wao huruka kuelekea kaskazini. Huvuka bahari na kufika hadi Uingereza. Miaka mingine hufika wachache, na miaka mingine makundi makubwa, kama ilivyokuwa mwaka 1947 na mwaka 1983. Huko hutaga, na kizazi kipya hutokea kabla ya baridi. Baadhi ya wazao hao huruka kurudi kusini. Wengi wanaobaki hufa, kwani hawastahimili barafu.

Tuzingatie hapa. Kipepeo mzima huishi wiki chache tu. Anayerudi kusini siye aliyetoka huko. Hajawahi kuiona nchi anayoiendea, wala hakumwona mama yake akimwelekeza. Basi nani alimfundisha?

Mafunzo tunayoyapata

1. Mwalimu wake ni Mola wake. Katika Surat An-Nahl, aya ya 68, tunasoma kuhusu nyuki na uongofu aliopewa na Mola wake. Aliyemwongoza nyuki ndiye aliyemwongoza kipepeo.

2. Binadamu hakuumbwa hivyo. Aya ya 78 ya sura hiyo hiyo inatukumbusha kuwa tulizaliwa hatujui kitu, tukapewa masikio, macho na nyoyo. Kipepeo anaweza kumwacha mtoto wake juu ya jani akaenda zake. Sisi hatuwezi. Mtoto aliyeletwa madrasa Jumamosi, kisha nyumbani asiulizwe amesoma nini wala asimwone mzazi akisali, ameachwa juu ya jani. Njia hataijua mwenyewe.

3. Mama kipepeo hatagi popote. Hutafuta mmea ambao mtoto wake ataula. Nasi wazazi tuangalie tunawaweka watoto wetu katika mazingira gani, na marafiki gani.

4. Kipepeo ni kiumbe wa Allah. Wanafunzi, tusiwakamate na kuwang'oa mbawa kwa mchezo. Hiyo ni dhulma.

Maswali ya kujipima

(a) Jike na dume wa kipepeo huyu tunawatofautisha vipi?

(b) Kwa nini mtoto wa binadamu anahitaji mwalimu kuliko mtoto wa kipepeo? Mjadiliane na wazazi wenu nyumbani.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuongoze sisi na vizazi vyetu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.