Kisikilizio cha Kujitengenezea: Usikimbilie!

Rafiki, umewahi kumwona mwimbaji jukwaani amevaa kisikilizio kilichojaza sikio sawasawa? Kile kinafuata umbo la sikio lake mwenyewe. Siku hizi wapo wanaovitengeneza nyumbani kwa printa ya resini. Ufundi mzuri, ila zijue hatari zake kwanza.

Kazi inafanyikaje?
Sikio linajazwa silikoni laini, ikiganda inatolewa. Umbo lake linaingizwa kwenye kompyuta. Printa inagandisha resini ya maji kwa mwanga maalumu, tabaka juu ya tabaka. Kisha kifaa kinaoshwa kwa spiriti na kurudishwa kwenye mwanga mpaka kigande kabisa.

Hatari iko wapi?
1. Silikoni isipozuiwa kwa pamba yenye uzi, inaweza kuganda kwenye ngoma ya sikio. Hatua hii mwachie mtaalamu wa masikio, siyo mshikaji wako!
2. Resini mbichi huleta mzio: ngozi inawasha na kuvimba. Vaa glavu, fungua madirisha. Tumia tu aina iliyothibitishwa kuvaliwa mwilini.
3. Sauti kubwa. Kisikilizio kinachoziba vizuri kinazuia kelele za nje, kwa hiyo punguza sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Watoto, desibeli 75. Kila zikiongezeka desibeli 3, kata muda nusu.

Seli za kusikia zikifa hazioti tena. Masikio yakilia "nziii" baada ya muziki, zima, pumzika. Yakiendelea, nenda hospitali. Sikio halina spea!