Motokaa Ikilia Mbele: Mkulima Afanye Nini?

Mavuno ya mahindi yakifika, motokaa nyingi za Trans Nzoia na Bungoma huanza kulia. Gari lililozoea kubeba watu hutiwa magunia, na gunia moja ni kilo 90, kisha hupigishwa mashimo kutoka Ndalu au Naitiri mpaka lami. Mwenyewe husikia ko-ko-ko chini ya miguu yake. Somo la mwezi huu litamwonyesha mkulima jinsi ya kuitafuta kelele hiyo nyumbani, na mahali ambapo ni lazima akome.

Motokaa ndogo nyingi, kama Toyota Probox, zina shoki za mbele zilizovikwa springi. Mpango huu ulibuniwa na Mmarekani, Earle MacPherson, katika miaka ya 1940. Hata Peugeot 404 iliyoshinda Safari Rally mwaka 1963 ilikuwa na shoki za namna hiyo. Springi hubeba uzito. Shoki, kwa mafuta yaliyomo ndani yake, huzuia springi isirukeruke. Juu kabisa pana raba na beringi, zilizofungwa kwenye bodi kwa nati, mara nyingi tatu.

Kwanza, toa kila kitu kilicholegea garini. Mimi nilikaribia kununua shoki mbili, kumbe kilicholia ni jeki yangu mwenyewe nyuma ya kiti.

Kisha simamisha gari mahali tambarare, ulaze kona moja ya mbele kwa nguvu, uiachie. Ikirukaruka zaidi ya mara mbili, shoki imechoka. Tazama pia mwili wa shoki: ukiona mafuta yametiririka na kushika vumbi, imepasuka muhuri wake. Sasa mtu akae ndani azungushe usukani polepole, nawe sikiliza juu, chini ya bonneti. Sauti ya mlio kama waya uliovutwa ni beringi ya juu. Lakini ikiwa gari hugonga katika vishimo vidogo tu, tafuta linki, yaani kijiti cha chuma kinachoshikana na fimbo inayozuia gari kulala upande. Nionavyo, linki ndiyo mkosaji mara nyingi, nayo ni rahisi kuliko shoki.

Linki mkulima aweza kuibadilisha. Weka mawe nyuma ya magurudumu ya nyuma, inua mbele pande zote mbili ili fimbo isijipinde, na utie stendi za chuma. Usilaze gari juu ya matofali; hupasuka ghafula, na usiingie chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake. Nati ikizunguka pamoja na skrubu yake, shika skrubu kwa ufunguo wake. Zile nati tatu za juu pia, zikiwa zimelegea, zikazwe.

Ila ile nati moja ya katikati, juu ya shoki, USIIGUSE. Ndiyo inayoizuia springi iliyobanwa kwa nguvu nyingi sana. Ukiifungua bila kibano cha springi, springi itaruka na yaweza kumwua mtu. Kamba na waya za boma si kibano. Hata fundi, mwulize kwanza akuonyeshe kibano chake, na kama kimeliwa na kutu au nyuzi zake zimekwisha, chukua gari lako uende kwa mwingine. Kitale na Bungoma mafundi si haba.

Shoki zibadilishwe mbili pamoja, kushoto na kulia, maana moja mpya na moja kuukuu hulivuta gari upande wakati wa kufunga breki. Na boltu zinazopita katika bushi za raba zikazwe mwisho gari likiwa limekanyaga chini, la sivyo raba hujipinda na kukatika upesi. Kisha magurudumu yapimwe, yanyoshwe, kabla hujapakia tena magunia.