Wino Umenikaukia

Mzee, mimi ni kijana wa miaka 23, nakaa Tanga. Nimetunga mashairi tangu shuleni, lakini tangu mwaka jana kila nikikaa kuandika huishia kwenye simu, nikitazama video za watu mpaka usiku wa manane. Nilikwenda pwani kutafuta mawazo, nikapiga picha nyingi, nikarudi bila ubeti hata mmoja. Je, kipaji kimenitoka?
Mtunzi Mkavu

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na moyo wangu waniambia kuwa mtu aliyetokwa na kipaji hasikitiki namna hii. Lililonishughulisha khasa ni ile safari yako ya pwani, maana ulikwenda huko huna haja na mtu wala mtu hana haja nawe, na bahari aghalabu haimpi mtazamaji ila sura yake, nayo sura hiyo ulikwisha iona mara elfu katika kioo cha simu.

Mkumbuke Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, ambaye kabla ya sifa zake kuenea, na kabla ya kusafiri hadi Bombay mwaka 1928 kutia sauti katika santuri, alikuwa akichuuza vyungu. Na mchuuzi hana budi kupiga hodi, kuamkiana, kuvutana bei na kusikiliza dhiki za mwenye nyumba. Nyimbo zake baadaye zilijaa mambo ya mji wenyewe, hata ya mahakamani: ule wa Kijiti ulitokana na mauaji ya kweli ya mwanamke mgeni, ambapo muuaji alitorokea bara na mashahidi ndio waliotiwa gerezani. Sidai kwamba vyungu vilimfunza kuimba, lakini naamini sikio lake lilikwisha zoea usemi wa watu wenye shida zao.

Mimi nami, nilipokuwa na umri kama wako, ami yangu alinipeleka kusaidia kutia kalafati jahazi lililopandishwa mchangani. Kazi yangu ilikuwa kusokota pamba, kuichovya katika mafuta na kumpa fundi, naye akiishindilia baina ya mbao kwa patasi na nyundo ya mti. Harufu yake ilinikaa vidoleni siku tatu. Siku ya pili fundi akaniambia niache kutazama, nisikilize: pigo likilia wazi, ufa bado una njaa, likilia zito, umeshiba. Sikuandika kitu. Miaka ikapita, na usiku tuliotoka kumzika mama yangu ndipo neno lile la ufa wenye njaa liliponirudia, na shairi zima likafuata nyuma yake.

Simu yako usiitupe, kwani ina manufaa yake. Ila Jumamosi, maji yakipwa, iache nyumbani, ushuke walipo mafundi wa ngalawa, uwaamkie kwa adabu, uwaulize kama wana kazi ya mikono, na uikubali hata ikiwa ni ya kuchota maji. Kalamu pia usichukue. Ukirudi umechoka, ule, ulale. Na ikiwa limo neno lililokufuata hadi kitandani, liandike kesho yake asubuhi, kisha uniletee.