Barafu Isiyoonekana: Kutafsiri Mpango wa Safari ya Pikipiki

Desemba iliyopita mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anayeishi Liège nchini Ubelgiji, alinitumia mpango wa safari ulioandikwa kwa Kifaransa. Alitaka kwenda kwa pikipiki hadi Elefantentreffen, mkutano wa wapanda pikipiki ulioanza mwaka 1956. Siku hizi hufanyika majira ya baridi huko Solla, katika msitu wa Bavaria, Ujerumani, na wengi hulala kwenye mahema. "Yaya," aliniandikia, "mtafsirie mama. Bila baraka yake siendi." Mama mdogo yuko Bukavu na hasomi Kifaransa.

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Maneno matatu yakanizuia.

La kwanza ni verglas, yaani tabaka jembamba la barafu juu ya lami, ambalo dereva huliona kama maji tu. Niliandika "barafu". Mama mdogo akajibu: "Barafu si inaonekana? Apite kando." Kwake barafu ni ile ya kwenye friji, na hakukosea. Neno hili linatokana na Kiajemi barf, lenye maana ya theluji. Theluji nalo linatokana na Kiarabu thalj, linalotaja theluji na barafu pia. Kiswahili kilipokea yote mawili na kuyagawia kazi, lakini hakuna lililopewa barafu isiyoonekana. Nikaandika upya: "utelezi wa barafu usioonekana, hasa asubuhi, juu ya madaraja na kwenye kivuli cha miti."

La pili ni baridi. Mpango ulitaja nyuzi 0, na mama mdogo akaona makoti mawili yatatosha. Lakini mwendo wenyewe huongeza baridi: kwa kilomita 80 kwa saa, hewa ya nyuzi 0 huipoza ngozi iliyo wazi kama hewa tulivu ya karibu nyuzi 10 chini ya sifuri. Vidole vikifa ganzi, havikamati breki vizuri. Niliongeza "baridi ya upepo wa mwendo", na nikaeleza kwa nini alitaka kununua vishikio vinavyopashwa joto kwa umeme.

La tatu, saa, lilinishangaza zaidi. "Kufika 17 h" nilitafsiri "saa kumi na moja jioni". Mama mdogo akaridhika: jua bado lipo. Hesabu yetu ya saa imejengwa juu ya jua la ikweta, ambapo giza huingia baada ya saa kumi na mbili mwaka mzima. Bavaria, mwishoni mwa Januari, jua huzama karibu saa kumi na moja, na lami iliyolowa huweza kuanza kuganda. Tafsiri yangu ilikuwa sahihi, na ilipotosha. Niliongeza maneno mawili: "jua likizama".

Jibu lake lilikuja mara moja: "Basi kila siku asimame saa tisa." Mdogo wangu akazigawa zile kilomita zaidi ya 700 kwa siku tatu badala ya mbili, na baraka ikatoka.

Kamusi ilinipa visawe. Maswali ya mama mdogo ndiyo yaliyonionyesha kama maana imefika. Verglas bado naidai neno moja. Wenzetu Wanande na Wakonzo, walio jirani na theluji ya Ruwenzori, huenda wanalo. Mwenye nalo aniletee darasani.