Ajali na Majaaliwa katika Tanzia ya Romeo na Juliet

Makala haya yanadhamiria kulichunguza swali ambalo wanafunzi wengi wa tanzia hulijibu kwa haraka mno: ni nini hasa kilichowaua Romeo na Juliet? Jibu lililozoeleka ni majaaliwa. Tamthilia hii ya William Shakespeare, iliyochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1597, hufunguliwa kwa utangulizi wa kishairi unaowatangazia watazamaji kwamba wapenzi hawa wana nyota mbaya na kwamba watakufa. Baada ya tangazo hilo, mhakiki mvivu huona hana la kuongeza.

Lugha yetu yaweza kutufaa hapa. Neno ajali, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya siku ya kufa aliyoandikiwa mtu. Leo twalitumia zaidi kwa gari lililopinduka. Maana hizo zinakaa pamoja katika neno moja, lakini katika uhakiki sharti zitenganishwe. Majaaliwa yamepangwa, nasibu hutokea tu. Utangulizi wazungumzia majaaliwa, ilhali msuko unaendeshwa na nasibu.

Mzee Capulet anamkabidhi mtumishi asiyejua kusoma orodha ya waalikwa. Mtumishi anamwomba mpita njia amsomee, na mpita njia huyo ni Romeo, mwana wa hasimu wa bwana wake. Mzito zaidi ni mkasa wa barua. Kasisi Laurence anampa Juliet dawa ya kumlaza kama maiti kwa saa 42, kisha anamwandikia Romeo, aliyefukuzwa mjini na kukimbilia Mantua, kumweleza mpango huo. Mjumbe wake anafungiwa nyumbani kwa kushukiwa kuwa amekaribiana na wagonjwa wa tauni, na barua haitoki Verona. Watazamaji wa London hawakuhitaji kufafanuliwa: tauni ilikuwa imeyafunga majumba yao ya maonyesho kwa muda mrefu kati ya 1592 na 1594. Habari ya uongo, kwamba Juliet amekufa, inafika Mantua bila kizuizi, tena kwa kinywa cha mtumishi mwaminifu.

Je, huu si mkosi mtupu? La. Kasisi alikusudia dawa inywewe Jumatano usiku, kwa kuwa Juliet angeozwa Paris kwa nguvu siku ya Alhamisi. Juliet anapojifanya kutii, babake anafurahi hata akaamua arusi iwe Jumatano. Dawa inanywewa Jumanne. Barua imepokonywa siku nzima na pupa ya mzee mmoja, wala nyota hazikuhusika. Ikumbukwe kwamba katika shairi refu la Arthur Brooke la mwaka wa 1562, ambalo Shakespeare alilitegemea, kisa huchukua miezi. Yeye alikibana katika siku chache tu. Penye miezi, barua iliyokwama hufuatwa na nyingine.

Aidha, kwa nini mambo yote yategemee barua moja ya siri? Kwa sababu uhasama wa koo mbili uliifanya ndoa isiweze kutangazwa. Mercutio anachomwa upanga chini ya mkono wa Romeo aliyekuja kuamua ugomvi; hiyo ni bahati mbaya kweli, ila panga zilikwisha kuchomolewa. Kumuua Tybalt baadaye ni uamuzi wa Romeo mwenyewe, na papo hapo anailalamikia bahati. Kauli ya mhusika aliyetoka kuua isichukuliwe kuwa msimamo wa tamthilia.

Jibu la majaaliwa lina hasara yake: linawasafisha wazee waliomzika binti ambaye hajatimiza miaka 14. Mtawala wa Verona hawasafishi. Kaburini anazitaja mbingu, si nyota, na anazitaja kama zilizoiadhibu chuki ya Capulet na Montague. Kisha anajitia mwenyewe hatiani, kwani aliufumbia macho ugomvi wao hata naye akapoteza jamaa wawili, Mercutio na Paris.