Tujifunze Kupanga Tangazo



Mwaka mmoja tuliandika tangazo la mahafali ya madrasa yetu. Tulijaza maua, nyota na hati za aina nne. Saa ya kuanza ikabanwa pembeni chini. Wazazi kadhaa walifika dua imeshasomwa. Tuliona haya.

Kosa letu lilikuwa la vipimo. Ibn Muqla wa Baghdad, aliyefariki mwaka 940, ndiye anayehesabiwa kuwa aliweka kanuni ya kupima herufi za Kiarabu kwa nukta. Kalamu ya mwanzi ikikandamizwa mara moja huacha nukta ya pembe nne. Nukta hizo zikipangwa moja juu ya nyingine hupatikana urefu wa alif, na herufi nyingine hupimwa kwa alif hiyo. Ndiyo maana hati nzuri hutulia machoni hata bila pambo.

Basi nasi tuchague neno moja liwe kubwa, mengine tuyapime kwalo. Tarehe, saa na mahali vikae pamoja. Pembeni tuache nafasi tupu ya vidole viwili (wengine husema ni kupoteza karatasi, sivyo). Bismillahi ikae juu peke yake. Na shughuli ikiisha, tangazo tulibandue wenyewe, lisije likaanguka njiani likakanyagwa.